Gongo na Kitabu

Hapana saa nzito katika maisha ya kijana kama ile anaposimama penye njia panda. Nyuma yake iko nyumba ya wazazi, ambamo alilishwa na kuvikwa bila ya kuulizwa. Mbele yake ziko njia mbili, na kila njia ina mnadi wake anayeisifu kwa sauti kuu. Mnadi wa kwanza hunena, "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako." Mnadi wa pili hujibu, "Haraka haraka haina baraka." Kijana husimama kati ya methali mbili, zote za wazee, zote za kweli, asijue amfuate mzee yupi.

Kijana ninayetaka kumtetea katika insha hii si wa Mombasa wala wa Kakamega. Ni mtoto wa Canada, au wa majimbo ya kaskazini ya Marekani, ambaye tangu utoto wake amevaa viatu vyenye makali ya chuma chini ya nyayo, akateleza juu ya maji yaliyoganda, akifukuza kwa gongo kisahani cheusi cha mpira. Anacheza mpira wa magongo wa barafuni, na anaucheza vizuri kupita wenzake. Kwa sababu hiyo, kabla ndevu hazijamwota, huambiwa achague: ama aingie katika ligi za vijana, ama angoje aende chuo kikuu.

Asije msomaji akauliza, "Sisi na barafu wapi na wapi?" Mpira wa magongo si mgeni kwetu. Timu ya Kenya, ikicheza ule wa uwanja wa majani, ilishika nafasi ya nne katika mashindano ya kwanza ya Kombe la Dunia huko Barcelona mwaka 1971. Na wa barafu nao umefika: mwaka 2005 ulifunguliwa uwanja mdogo wa barafu katika hoteli moja ya Nairobi, na mwaka 2018 vijana wa timu ya Ice Lions walisafiri mpaka Canada wakacheza pamoja na Sidney Crosby, mmoja wa mabingwa wakuu wa mchezo huo. Lakini hata kama hatungekuwa na kipande cha barafu kikubwa kuliko cha kutilia katika maji ya ndimu, habari hii ingetuhusu. Swali lake ni hili: mtoto akijaliwa kipaji, kipaji hicho ni cha nani, nacho kitumike kumjenga mtu au mtu atumike kukijenga? Swali hilo halijui jua wala theluji.

Kwanza tuzitazame njia zenyewe. Canada ina ligi kubwa tatu za vijana wa miaka 16 hadi 20: moja ya Ontario, moja ya majimbo ya magharibi, na moja ya Quebec na majimbo ya mashariki yaliyo kando ya bahari. Timu zake, pamoja na chache zilizo upande wa Marekani, zapita 60. Kila mwaka wakubwa wa timu hizo hugawana watoto kwa zamu, huyu akitaja jina na yule akitaja jina, na mtoto wa miaka 14 au 15 husikia kwamba ameangukia fungu la mji ambao pengine hajapata kuuona. Akikubali, huagana na mama yake, akaenda kukaa katika nyumba ya watu wema wasio jamaa zake, akaingia shule ya mji ule, na akacheza. Katika ligi ya Ontario na ile ya magharibi, msimu mmoja una michezo 68. Timu ya magharibi yaweza kwenda kwa basi kutoka nyanda za Manitoba hata pwani ya Bahari ya Pasifiki, usiku, katika theluji. Na kitabu cha hesabu husafiri mfukoni pamoja na mwenyewe, lakini ni nadra kufunguliwa.

Njia ya pili ni ya vyuo vikuu vya Marekani. Huyu humaliza kwanza shule ya sekondari, na pengine hungoja mwaka mmoja au miwili zaidi akicheza katika ligi ndogo, kisha huingia chuoni akiwa na miaka 18, 19 au 20. Huko michezo ni nusu ya ile, yaani 35 hivi kwa msimu, na aghalabu huchezwa Ijumaa na Jumamosi. Siku zilizobaki ni za darasa, za maktaba na za mazoezi ya kuupa mwili nguvu. Wapinzani wake ni wanaume wa miaka 22 na 23, si watoto wenzake. Na mwisho wa njia hiyo, kama ataifuata mpaka mwisho, pana shahada.

Kwa miongo mingi njia hizi zilitenganishwa kwa ukuta. Chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, kijulikanacho kwa herufi zake NCAA, kilishika kwamba ligi za vijana za Canada ni za watu wa kulipwa, kwa kuwa wachezaji hupewa posho na baadhi yao wamekwisha tia sahihi mikataba na timu za wakubwa. Basi aliyecheza huko hata mara moja, mlango wa mchezo wa chuo ulimfungikia. Mwaka 2022 kijana mmoja wa miaka 16 alicheza michezo miwili ya kirafiki na timu ya Windsor, Ontario. Michezo miwili tu, wala haikuhesabiwa katika ligi. Naye akahesabiwa kuwa amekwisha jiuza. Agosti 2024 ilibidi aende mahakamani kudai haki ambayo hakuwa na umri wa kufahamu kwamba anaipoteza.

Sasa tazama kioja. Mwaka 2014 wachezaji wa zamani wa ligi hizo hizo walifungua kesi nchini Canada, wakidai mshahara wa chini uliowekwa na sheria. Wenye timu walijibu kwamba vijana hao si wafanyakazi hata kidogo, bali ni wanafunzi wachezao mchezo waupendao. Serikali nazo zikasikiliza. Jimbo la Washington nchini Marekani mwaka 2015, na Ontario mwaka 2018, zikawaondoa wachezaji hao katika ulinzi wa sheria za kazi. Kijana yule yule aliyekuwa mtu wa mshahara alipobisha mlango wa chuo, akawa si mtu wa mshahara alipofika kwenye dirisha la malipo!

Wazee wetu husimulia habari za popo, ambaye ndege walipotoza kodi alisema yeye ni mnyama, na wanyama walipotoza alisema yeye ni ndege. Lakini popo wa hadithi alikuwa mjanja, alijichagulia jamaa kwa faida yake. Kijana huyu alifanywa popo na watu wazima, na kila upande ulimtia katika kabila lile ambalo halikuwa na haki ya kupata kitu. Mtu akiniuliza kwa nini naandika kwa ukali juu ya mchezo wa nchi ya mbali, sababu ni hiyo. Sijaona dhuluma iliyo nyepesi kutenda kama ile atendewayo mtoto anayefurahia.

Tarehe 7 Novemba 2024 ukuta ulianguka. NCAA kiliamua kwamba tangu tarehe 1 Agosti 2025, aliyecheza katika ligi za vijana aweza kucheza chuoni, maadamu hakulipwa zaidi ya gharama zake za lazima. Julai 2025 Gavin McKenna, kijana wa Yukon aliyekuwa nyota ya timu ya Medicine Hat na ya ligi yote ya magharibi, alitangaza kwamba angeingia Chuo Kikuu cha Penn State. Wengine wengi wakashika njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo wako watu wanaosema kwamba mabishano yamekwisha: milango yote iko wazi, kila mtu apite apendapo. Mimi nasema mabishano ndiyo kwanza yanaanza. Ukuta uliposimama, kijana aliweza kusema kwamba alizuiwa. Sasa hana wa kumlaumu, wala baba yake hana, wala mwalimu wake hana. Mlango ukiwa wazi, anayebaki nje amebaki kwa hiari.

Basi na mimi niseme neno langu bila ya kuzunguka. Kijana mwenye kipaji na achague chuo, na akichague kwa ajili ya elimu. Ligi za vijana zikiwa daraja la kumfikisha huko, na avuke juu yake kwa shukrani. Zikiwa nyumba ya kuhamia na kusahau vitabu, na azikatae, hata wakimwahidi jina lake kuandikwa ukutani kwa taa.

Wapinzani wa neno hili ni wengi, nao si wajinga. Tuwasikilize mmoja mmoja.

Wa kwanza husema, "Tazama mabingwa walipotoka." Kisha huhesabu kwa vidole. Wayne Gretzky, ambaye watu wengi humwita mkuu kupita wote, alicheza katika ligi ya Ontario akiwa na miaka 16. Sidney Crosby alitoka Rimouski, katika ligi ya Quebec. Connor McDavid alitoka timu ya Erie. Je, hao waliharibikiwa?

Hapana, hawakuharibikiwa. Lakini aliyeuvuka mto wenye mamba akafika ng'ambo salama hajathibitisha kwamba mto hauna mamba; amethibitisha kwamba yeye alivuka. Wale wengine hawapo kutoa ushahidi, kwa sababu hakuna anayewaalika kusema. Na tufanye hesabu, kwa maana hesabu haina ushabiki. Ligi kubwa ya kulipwa ya Amerika ya Kaskazini ina timu 32, na kila timu hushika wachezaji 23. Nafasi zote ni 736, na nyingi kati yake zimekaliwa na watu ambao hawana nia ya kuondoka mwaka huu wala mwaka ujao. Kila mwaka timu hizo huchagua vijana wapya 224 katika mizunguko saba, nao hutoka dunia nzima: Canada, Marekani, Sweden, Finland, Urusi na kwingineko. Hata hao 224, wengi wao hawatapata kucheza msimu mmoja mzima pamoja na wakubwa. Upande wa pili, timu 60 za ligi za vijana, zenye wachezaji 25 hivi kila moja, hufanya vijana 1,500. Na hapo hatujawahesabu wa vyuoni, wala wa ligi ndogo, wala wa Ulaya. Watu 1,500 wakikimbilia jahazi lenye nafasi ya abiria wachache, nahodha mwema huwauliza kwanza nani ajua kuogelea. Elimu ndiyo kuogelea kwenyewe.

Mpinzani wa pili husema, "Chuma hupigwa kikiwa moto. Kijana akingoja mpaka amalize shule, wenzake watakuwa wamekwisha mpita." Hoja hii husikika kama busara, lakini mambo yaliyotokea yaikana. Cale Makar alizaliwa Calgary, katika nchi ya ligi ya magharibi. Hakuiingia. Alicheza katika ligi ndogo ya jimbo lake la Alberta, akachaguliwa wa nne mwaka 2017, na badala ya kukimbilia fedha akaenda Chuo Kikuu cha Massachusetts kwa miaka miwili. Mwaka 2019 alipata tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, na mwezi huo huo akaingia timu ya Colorado na kufunga bao katika mchezo wake wa kwanza. Mwaka 2022 alishinda Kombe la Stanley na kutajwa mchezaji bora wa mashindano hayo. Kuchelewa kwake kulimpunguzia nini? Na mwaka 1980, katika Michezo ya Olimpiki ya Lake Placid, timu ya Marekani iliyojaa vijana wa vyuo, wengi wao kutoka Minnesota na Boston, iliishinda timu ya Urusi ya Kisovieti iliyokuwa tisho la ulimwengu. Vijana wale walikuwa wametoka darasani, wala darasa halikuwapunguzia kasi.

Ukweli ni kwamba mwili wa kijana wa miaka 17 haujakamilika. Anayecheza michezo 68 hupata uzoefu mwingi, nakubali. Lakini anayecheza 35 hupata siku nyingi za kukua. Mkulima hapimi shamba kwa idadi ya safari alizokwenda kulitazama.

Mpinzani wa tatu ni mzito kuliko hao wawili, nami nampa heshima yake. Yeye husema, "Wewe wasema kwa raha. Baba wa mtoto huyu ni mfanyakazi wa mgodini. Viatu, magongo, safari, ada za viwanja, vyote vimemmaliza. Ligi ya vijana humchukua mtoto bila ya malipo akiwa na miaka 16, humlisha, humlaza, humfundisha, na kwa kila msimu anaocheza humwekea gharama za mwaka mmoja wa chuo. Chuo chako humwambia angoje. Nani atamlisha akingoja?"

Hili ni neno la haki, wala silijibu kwa kejeli. Ni kweli kwamba ligi hizo huweka fedha za masomo, na vijana wengi wamezitumia kusoma katika vyuo vya Canada na kuwa walimu, wahandisi na mawakili. Lakini ahadi hiyo ina masharti yake na ina mwisho wake, na mara nyingi humwendea kijana akiwa na miaka 20 au 21, baada ya miaka minne ya kusikia kila siku kwamba kazi yake duniani ni kufunga mabao. Ni rahisi kumwekea mtu fedha za kitabu. Ni vigumu kumrudishia hamu ya kitabu iliyokwisha kufa. Na maadamu ukuta umeanguka, hoja ya mfanyakazi wa mgodini imebadilika uso. Zamani umaskini wake ulimlazimisha kuchagua moja. Leo mtoto wake aweza kula chakula cha ligi akiwa na miaka 16 na 17, kisha aingie chuoni akiwa na miaka 18. Hilo ndilo daraja nililolitaja. Ninachokipinga si kulitumia daraja, ninapinga kujenga nyumba juu yake.

Sasa nataka kuwaleta mbele ya msomaji watu wawili, kwa sababu maisha ya watu hufundisha kuliko hoja. Wote wawili walizaliwa Ontario, wakapishana mwaka mmoja tu; wote wawili wakawa mabingwa wasiosahaulika.

Bobby Orr alizaliwa Parry Sound mwaka 1948. Mwaka 1962, akiwa na miaka 14, alikuwa amekwisha fungwa kwa mkataba na timu ya Boston, akacheza na vijana wa Oshawa. Alipotimiza miaka 18 aliingia Boston yenyewe, na kwa miaka minane mfululizo alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi nzima. Hapakuwa na mtu aliyejua mchezo kama yeye. Lakini mambo ya karatasi aliyaacha mikononi mwa wakala wake, Alan Eagleson, ambaye alimwamini kama ndugu. Mwaka 1976 timu ya Boston ilikuwa tayari kumpa asilimia 18.5 ya umilki wake ili asiondoke. Orr alieleza baadaye kwamba hakuwa na habari ya jambo hilo. Aliondoka, akaenda Chicago na magoti yaliyokwisha kuharibika, akauacha mchezo mwaka 1978 akiwa na miaka 30, na alipofungua mkoba wa maisha yake akaukuta karibu mtupu. Eagleson alikiri makosa ya ulaghai mahakamani mwaka 1998, akatiwa gerezani.

Ken Dryden alizaliwa Hamilton mwaka 1947. Alikuwa mlinda lango. Mwaka 1964 timu ya Boston ilimchagua, kisha haki yake ikahamishiwa Montreal, timu ambayo kila mtoto wa Canada aliiota usiku. Dryden hakwenda. Alikwenda Chuo Kikuu cha Cornell katika jimbo la New York, akasoma historia, akakisaidia chuo chake kuwa bingwa wa vyuo vyote mwaka 1967, akapata shahada yake mwaka 1969. Ndipo akaenda Montreal, na huko akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha McGill. Mwaka 1971, akiwa amecheza michezo sita tu ya msimu wa kawaida, alisimama langoni katika mashindano ya Kombe la Stanley, akalichukua kombe na tuzo ya mchezaji bora. Mwaka 1973 alipokosana na timu yake juu ya malipo, hakulia wala hakubembeleza. Alikaa nje mwaka mzima, akafanya kazi katika ofisi ya mawakili mjini Toronto ili kutimiza masharti ya uwakili. Timu ikamrudia. Alishinda makombe sita, akauacha mchezo kwa hiari yake mwaka 1979 akiwa na miaka 31, akaandika vitabu, akawa mbunge, na mwaka 2004 akawa waziri wa serikali ya Canada. Alipofariki Septemba 2025, nchi ilimlilia mtu, haikumlilia mchezaji peke yake.

Tusimdhulumu Orr. Alikuwa mwema, na baada ya kuanguka alisimama tena kwa juhudi yake mwenyewe. Wala sisemi kwamba aliyesoma hadanganyiki, maana wasomi nao huibiwa kila siku. Lakini tazama jambo moja la kutia uchungu: Eagleson alikuwa mwanasheria. Aliyekwenda shule alikaa upande mmoja wa meza, aliyetolewa shule mapema akakaa upande wa pili, na karatasi zilikuwa katikati. Dryden alipoketi mbele ya meza kama hiyo, aliweza kuzisoma karatasi mwenyewe, na zaidi ya hayo, aliweza kuinuka akaondoka. Uhuru wa mtu ni kuwa na mahali pengine pa kwenda. Asiye na mahali pengine, hata akilipwa fedha nyingi, ni mfungwa anayelishwa vizuri.

Najua wako watakaonikamata hapa hapa waseme, "Vyuo unavyovisifu navyo vimekuwa soko." Wamesema kweli, nami sitaificha. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo vya Marekani wameruhusiwa kupata fedha kwa kutumia majina na sura zao katika matangazo, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa. Vijana wengine huingia chuoni mwaka mmoja tu. Macklin Celebrini aliingia Chuo Kikuu cha Boston, akawa mchezaji bora wa vyuo mwaka 2024 akiwa na miaka 17, na kabla mwaka huo haujaisha alikuwa amekwisha vaa sare ya timu ya wakubwa. Mtu wa kipaji cha namna hiyo simlaumu. Lakini nawalaumu mamia watakaomwiga bila ya kuwa na kipaji chake, ambao wataingia maktaba kupiga picha na kutoka.

Kwa hiyo shauri langu si kwenda chuoni tu. Bata huingia majini kila siku, wala hatoki ameloa. Anayekwenda chuo kwa ajili ya malipo ya mwaka mmoja hajachagua chuo. Amechagua ligi nyingine yenye majengo mazuri. Nasema kijana achague somo kabla ya kuchagua kocha. Aulize, "Mchezaji wenu wa mwisho kuvunjika mguu yuko wapi sasa, na alimaliza masomo?" kabla ya kuuliza, "Uwanja wenu unaketisha watu wangapi?" Na kama atatoka kabla ya kumaliza, aondoke na ahadi iliyoandikwa ya kurudi, kisha arudi kweli.

Tukirudi kwetu, wasomaji wangu, mtaona kwamba mtoto wa barafuni ni ndugu yetu. Sisi hatuna ligi za theluji, lakini tunao watoto wakimbiao kama swala, na tunao mawakala wafikao vijijini kabla ya mwalimu kumaliza kuita majina. Kijana wa kidato cha pili huambiwa aache shule akakimbie barabarani ng'ambo kwa fedha, kwamba miguu haingoji. Na bado mfano tunao nyumbani. Mike Boit alishinda medali ya shaba ya mita 800 katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na dhahabu katika michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton, Canada, mwaka 1978. Katikati ya mbio hizo alikuwa akisoma katika vyuo vya Marekani, na hakuacha mpaka akapata shahada ya udaktari, akarejea kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miguu yake ilipochoka, kichwa chake kilikuwa bado kinakimbia, na vijana wengi walikimbia nyuma yake darasani.

Mchezo ni kitu kizuri. Hufundisha kustahimili, kushirikiana, kushindwa bila ya chuki na kushinda bila ya kiburi. Sikuandika kuuvunjia heshima. Lakini mchezo humtumia mtu miaka kumi, ukijitahidi sana kumi na mitano, kisha humrudisha mlangoni pale pale ulipomchukua. Anayerudishwa ana miaka 30, na kama Mungu akimjalia ana miaka 40 mingine ya kuishi. Wazazi, walimu na wakufunzi wanaomwongoza kijana wapaswa kuiweka miaka hiyo 40 juu ya meza siku ile ya kuchagua, iketi pamoja nao, ihesabiwe.

Basi, kijana mwenye gongo, na wewe mwenye viatu vya mbio, mkono wako wa kuume ushike kipaji chako kwa nguvu, wala usimwachie mtu akupokonye. Lakini mkono wa kushoto usiwe mtupu. Shika kitabu. Siku gongo litakapovunjika, nalo litavunjika, utaona ni mkono upi uliokuwa ukikubeba.